Vitu vya wazee wetu visitoke nyumbani bila orodha

Vijana wenzetu wa Nyarugusu, na ninyi wa Kakuma, Nakivale, Kyangwali, Dzaleka na kokote mnakosomea haya, na ninyi ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika: leo hatuzungumzi juu ya posho wala kuni. Tunataka kuzungumza juu ya vinyago, ngoma, vinu na funguo za nyumba. Msicheke kwanza. Someni mpaka mwisho.

Sababu ni hii. Kambi yetu ilifunguliwa Novemba 1996, kwa hiyo inatimiza miaka 30, na maneno ya kufanya maonyesho yameshaanza. Kundi letu limeulizwa kama tunaweza kupita kwenye zoni na kuwaomba wazee "vitu vya kihistoria" vya kuweka mezani ili wageni waone. Wazo ni zuri, hatulipingi. Lakini kabla ya kujibu tulikaa, tukasoma, tukabishana mpaka jioni, na tukafika kwenye msimamo mmoja: hakuna kitu cha mzee kitakachotoka nyumbani kwake bila kuandikwa kwenye orodha, na nakala ya orodha hiyo ibaki kwetu na kwa mwenye kitu. Wengine wanasema tunaleta ugumu wa bure. Basi tueleze.

Tuanzie mbali kidogo, Geneva. Sisi tukisikia jina hilo tunawaza makao makuu ya UNHCR, kule tunakoamini faili zetu zinakwenda kulala. Lakini katika mji huohuo, upande wa mji wa kale, kuna makumbusho madogo ya watu binafsi yanayoitwa Barbier-Mueller. Yalifunguliwa 1977 na Jean Paul Barbier-Mueller na mke wake Monique. Mkusanyaji wa kwanza alikuwa baba yake Monique, mzee Josef Mueller wa Solothurn, aliyeanza kununua kazi za sanaa 1907 na kufariki mwaka huohuo wa 1977. Mkusanyo wa familia hiyo umehesabiwa kuwa na zaidi ya vipande 7,000 kutoka Afrika, Asia, Oceania na Amerika. Ndani yake kuna kazi za mikono ya watu wa kwetu Kongo.

Makumbusho ya namna hii yanapenda sana kusherehekea miaka. Miaka 30, miaka 40, na 2027 itakuwa miaka 50 tangu milango ifunguliwe. Maonyesho ya sherehe kama hizo huwa yanapendeza: taa laini, kioo safi, kitabu kinene chenye picha. Ukienda utajifunza. Lakini sisi tuna swali moja la kijinga: ni miaka 50 ya nani?

Kinyago hakikuzaliwa siku kilipoingia Geneva. Kabla ya hapo kilichongwa na mtu mwenye jina, kilikabidhiwa kwa mtu mwenye cheo, kilicheza, kilifundisha, kilizeeka. Hesabu ya sherehe inaanzia siku ambayo mnunuzi alikipata. Yote ya nyuma yanafupishwa kuwa mstari mmoja: kabila fulani, karne fulani. Jina la mchongaji mara nyingi halipo. Jina la mnunuzi lipo, tena limeandikwa mlangoni.

Sasa angalieni na huku kwetu. Maonyesho ya miaka 30 ya kambi nayo yanaanza kuhesabu siku tuliposajiliwa. Kana kwamba mama aliyekuja na kinu chake alianza kutwanga Nyarugusu! Kinu kile kilitwanga mihogo Fizi kabla ya kuvuka ziwa. Kama kikaratasi cha maelezo kitasema "kinu cha mkimbizi, 1996", tutakuwa tumemwambia mgeni uongo, hata kama mwaka ni wa kweli.

Turudi Geneva, maana hapo kuna kisa ambacho kila kijana wa Tanzania na kila mkimbizi aliyeko Tanzania anastahili kukijua. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam yalivunjwa na wezi. Miongoni mwa vilivyoibwa kilikuwemo kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata, 1985, makumbusho ya Barbier-Mueller yalikinunua Paris, yakasema yalinunua kwa nia njema bila kujua kwamba ni cha wizi. Mwaka 1990 mtaalamu Mtaliano, Enrico Castelli, aliyaandikia barua: kinyago mlicho nacho kimeibwa Tanzania.

Mngedhani kesho yake kingepanda ndege. Hapana. Mazungumzo yalikwenda, yakasimama, yakaanza tena. Tanzania ikapeleka shauri mpaka kwenye kamati ya UNESCO inayoshughulikia kurudisha mali za utamaduni. Baraza la kimataifa la makumbusho, ICOM, likaingia kati. Kinyago kilikabidhiwa Mei 2010, Paris. Hesabuni wenyewe: miaka 26 tangu kuibwa, na miaka 20 tangu ijulikane wazi ni cha nani. Tena katika makubaliano hakikuitwa mali iliyorudishwa. Kiliitwa zawadi. Makumbusho ya Geneva yaliipa Tanzania zawadi ya kitu kilichoibwa Tanzania.

Hatusemi hayo ili kumtukana mtu. Waliokubali kukitoa walifanya jambo ambalo wengi mpaka leo wamekataa kufanya. Tunataka muone kitu kimoja tu: kwa nini kinyago hicho kilirudi? Wamakonde wana vinyago vingi vilivyotawanyika Ulaya, kutoka pande zote mbili za mto Ruvuma, na havirudi. Hiki kilirudi kwa sababu kabla ya kuibwa kilikuwa kimeshaingia kwenye makumbusho ya taifa. Kulikuwa na mahali pa kunyooshea kidole na kusema, kilikuwa hapa, wakati huu, mwenye mali ni huyu. Bila hivyo, ile barua ya 1990 isingekuwa na la kusema.

Wapiganaji wa haki za mali wana mikataba yao, mkuu ukiwa ule wa UNESCO wa 1970 unaokataza biashara haramu ya mali za utamaduni. Uswisi yenyewe ilijiunga nao 2003. Mkataba ni mzuri, lakini unamsaidia mwenye ushahidi. Mtu asiye na karatasi, hata akilia machozi ya damu, ataambiwa: pole sana, tunakuelewa, lete uthibitisho. Sisi wakimbizi neno "uthibitisho" hatuhitaji kufundishwa maana yake.

Sasa tuje nyumbani kwetu hasa, Kivu na Maniema. Balega wana chama chao cha bwami, na Babembe nao wana bwami yao. Ni shule ya utu uzima. Mtu anapanda ngazi baada ya ngazi, na kila ngazi ina vitu vyake: sanamu ndogo za mti au za pembe za ndovu, vinyago vidogo, vijiko, manyoya. Kila kitu kina methali zake na mafundisho yake. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ya Wabelgiji iliipiga bwami marufuku. Vitu vikafichwa, vikachomwa, vikauzwa, vikachukuliwa. Leo vinaonekana kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani vikiwa vimening'inizwa ukutani.

Chukueni mfano wa kinyago kinachoitwa lukwakongo. Ni kidogo, kimepakwa udongo mweupe, kina ndevu za nyuzi. Mgeni akikiona ukutani atafikiri mtu alikivaa usoni akacheza. Lakini ukubwa wake peke yake unakuonyesha kwamba hakikutengenezwa kufunika uso wa mtu mzima. Kilishikwa mkononi, kilifungwa kwenye mkono, kilipangwa pamoja na vingine, huku methali zikitolewa. Kitu chenyewe kiko Ulaya, salama kabisa. Methali ziko wapi? Ziko kwenye vichwa vya wazee, na baadhi ya wazee hao wanakaa humuhumu kambini, wanasubiri foleni ya maji kama sisi.

Mzee mmoja wa zoni yetu alipotusikia tukizungumza haya alituambia: "Kama munachukua kitu, muchukue na maneno yake. Kitu bila maneno ni kuni tu." Hatukuwa na la kuongeza.

Tunajua pingamizi linalokuja, maana tumelisikia kwa wafanyakazi wa mashirika na hata kwa vijana wenzetu. Linasema hivi: "Vingebaki kwenu vingekuwa vimeungua. Angalieni vita. Heri viko Geneva." Tusidanganyane, pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Mkusanyaji kama Mueller alithamini kazi za Waafrika wakati wengi Ulaya waliziita za kishenzi, na wapo wamisionari waliozichoma moto. Kinyago cha Kimakonde kiliibwa kwenye makumbusho ya serikali ya Kiafrika, si kwa mtu binafsi. Na Kinshasa ni hivyohivyo: Ubelgiji ilirudisha zaidi ya vitu 100 kwa Zaire katika miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, na baadaye, nchi ilipovurugika, makumbusho ya taifa yakaporwa. Sisi ni watoto wa vita hiyohiyo, hatuwezi kujifanya hatuijui.

Lakini kutunza si kumiliki. Jirani yako akikuokolea mbuzi siku ya vita, utamshukuru, utampa hata mguu wa nyuma. Hatakuambia mbuzi sasa ni wake kwa sababu wewe ulikimbia. Na sisi tuliokimbia ndio tunaopaswa kulisema hili kwa sauti kubwa kuliko wengine, kwa sababu hoja hiyo ikikubaliwa kwa vinyago itakubaliwa pia kwa mashamba na nyumba zetu.

Tena kuna jambo la pili kuhusu mikusanyo ya watu binafsi. Cha familia kinaweza kuuzwa siku familia ikitaka. Machi 2024 nyumba ya mnada ya Christie's kule Paris iliuza vipande 100 vya familia hiyo ya Barbier-Mueller, na fedha zilizopatikana ni makumi ya mamilioni ya euro. Kabla ya hapo, 2013, vitu vyao vya Amerika ya kale viliuzwa Paris kupitia Sotheby's, na nchi kama Meksiko na Peru zikapinga, lakini mnada ukaendelea. Hatusemi walivunja sheria. Tunasema kwamba kioo safi na taa laini si ahadi. Kitu ulichokwenda kukitazama mwaka huu, mwaka ujao kinaweza kuwa sebuleni kwa tajiri ambaye jina lake halitajwi.

Na serikali nazo tuzipime vilevile. Februari 2022 Ubelgiji iliikabidhi Kongo orodha ya vitu karibu 84,000 vilivyomo kwenye makumbusho ya Tervuren. Juni mwaka huo mfalme Philippe akaja Kinshasa na kinyago kikubwa cha Wasuku kinachoitwa Kakuungu. Tulifurahi. Kisha tukasoma masharti: kimetolewa kwa mkopo usio na mwisho. Yaani umeazimwa cha kwako! Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Hata hivyo, orodha ile ni kitu kikubwa kuliko kinyago kimoja, maana kudai kitu usichojua kipo wapi ni kupiga kelele porini. Orodha ndiyo mwanzo.

Sasa mnaona kwa nini tunang'ang'ania orodha kwenye maonyesho yetu madogo ya kambini? Hatuko kwenye ndoto. Miaka michache iliyopita shirika moja lilichukua kwetu ngoma mbili, mikeka, na michoro ya watoto kwa ajili ya maonyesho ya Juni 20. Tuliomba karatasi ya makabidhiano. Tukaambiwa tusiwe na wasiwasi, "sisi ni familia moja." Mradi ukaisha, wafanyakazi wakahamishwa, ofisi ikabadilishwa matumizi. Ngoma hazikurudi. Hakuna aliyeziiba, tunaamini hivyo. Zilipotea kwa njia ile ile ambayo vitu vya maskini hupotea: hakuna aliyekuwa na jukumu lake kwenye maandishi.

Na vitu vyenyewe si vingi. Tumepita kwenye nyumba chache tu kuuliza, na tumeonyeshwa ufunguo wa nyumba ya Baraka ambayo paa lake liliungua zamani, lakini ufunguo bado umefungwa kwenye pindo la kitenge. Tumeona sanduku la bati lililobeba vyeti vya ubatizo vya watu saba. Tumeona kwa majirani zetu Warundi, waliokuja kuanzia 2015, kikapu cha igiseke chenye mfuniko wake, kilichosukwa na bibi ambaye hayupo tena. Mtu mwenye kitu kimoja tu cha kumkumbusha kwao, ukikipoteza, umepoteza makumbusho yake yote.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa mashirika, tunawaomba mambo matano. Si mengi, na hayahitaji bajeti kubwa.

La kwanza, kila kitu kipigwe picha na kiandikwe kabla hakijatoka nyumbani: jina lake kwa lugha ya mwenyewe, nani alikitengeneza kama anajulikana, kilitumika vipi, kilisafiri vipi mpaka hapa.

La pili, karatasi ya makabidhiano iwe nakala mbili, kwa Kiswahili, yenye tarehe ya kurudisha na jina la mtu anayewajibika, si jina la mradi. Mama asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi anayemchagua mwenyewe.

La tatu, maelezo yatakayowekwa mezani yasomwe kwanza na mwenye kitu. Kama anataka jina lake liandikwe, liandikwe. Kama ana sababu za usalama za kulificha, lifichwe. Uamuzi ni wake.

La nne, mwenye kitu awe na haki ya kukataa. Si kila kitu ni cha kuonyeshwa. Vya bwami vingine havionwi na kila mtu, na mzee akisema "hapana, hiki hapana", asibembelezwe kwa sabuni wala kwa nauli.

La tano, mwenye kitu aalikwe siku ya maonyesho, akae karibu na kitu chake, azungumze mwenyewe. Tumechoka kuona kitu cha mzee kikielezwa na kijana aliyefika kambini wiki iliyopita, na mzee mwenyewe amezuiwa getini kwa kukosa kitambulisho cha mwalikwa.

Na sisi vijana, tusikae tukisubiri mashirika. Simu tunazo, hata kama kioo kimepasuka. Daftari la kurasa 96 si mali ya kukushinda. Kila mmoja aanze na nyumba yake: mzee mmoja, kitu kimoja, maswali sita. Kinaitwaje? Nani alikitengeneza? Kilifanya kazi gani? Kina methali au hadithi gani? Kilifikaje hapa? Kitakwenda kwa nani? Mrekodi sauti yake kwa lugha yake, Kibembe, Kifuliiru, Kirundi, yoyote, halafu ndiyo muandike Kiswahili. Nakala moja ibaki kwa mwenyewe, moja kwa kundi, moja mtumieni ndugu aliye nje ya kambi, kwa sababu simu zinaibwa na mvua inaingia.

Tunalisema hili sasa kwa sababu muda si rafiki yetu. Wengine wanarudi Burundi, wengine wameshapata safari za kwenda Marekani na Kanada, wengine wazee tunawazika. Anayeondoka na begi lake hawezi kubeba kinu. Lakini picha ya kinu, jina lake na wimbo uliokuwa ukiimbwa wakati wa kutwanga, hivyo havina uzito kwenye mizani ya uwanja wa ndege. Na siku moja mtoto wake akikutana na kinu kama kile kwenye makumbusho ya mbali, nyuma ya kioo, chenye maelezo ya mstari mmoja, awe na la kumwambia mlinzi wa pale. Awe na karatasi.

Jibu letu kwa maonyesho ya miaka 30 ni ndiyo, tutapita kwenye zoni. Tutaanza na daftari, vitu vitafuata. Daftari la kwanza tumeshalinunua, na tunaanza Jumamosi hii kwa wazee wa zoni yetu. Anayetaka kujiunga aje na kalamu.